JEMBE LAKO NA MIZANI YA MNUNUZI
Je, mtu hufanikiwa kwa juhudi yake au kwa hali inayomzunguka?

Jioni moja tulikuwa katika darasa la kisomo, katika kijiji kimoja cha wakulima wa pamba kusini mwa Ziwa Victoria. Somo lilikuwa limekwisha. Wanakisomo walikuwa wanafunga madaftari. Ndipo ubishi ukazuka.

Mzee mmoja alisema: "Mwalimu, mimi nasema maskini wa kijiji hiki ni wavivu. Mchumia juani hulia kivulini. Mimi nimelima, nimepata. Asiyepata hakulima."

Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akajibu: "Shikamoo yako naiheshimu, baba. Lakini mimi naamka kabla ya jogoo. Mume wangu amefariki, ng'ombe wa kulimia sina. Nakuomba wewe na wenzako maksai, nanyi mnanipa mkishamaliza mashamba yenu. Mimi napanda mwisho wa Desemba, wakati mwingine Januari. Mvua ikikatika, pamba yangu ni mafupa matupu. Je, huo ni uvivu?"

Darasa lilinyamaza. Kijana mmoja akasema pole pole: "Kumbe basi yote ni bahati." Mwingine akanong'ona kwamba wanaopata wana dawa.

Swali hili tuliondoka nalo. Leo tunaliandika hapa, kwa sababu tunaamini kila kijiji kinabishana juu yake. Nalo si swali la mchezo. Tukilijibu vibaya, tunamwita mgonjwa mvivu, tunamwita mwenye bidii mchawi, na sisi wenyewe tunakaa bure tukingoja bahati. Bahati ya mwenzio, wahenga walisema, usiilalie mlango wazi.

MAMBO YALIYO MIKONONI MWAKO

Tuanze na mzee yule. Hakukosea kabisa. Katika kilimo cha pamba yapo mambo ambayo hakuna mtu mwingine atakayekufanyia.

La kwanza ni palizi. Pamba ikiwa changa haiwezi kushindana na magugu. Anayepalilia mapema anavuna. Anayengoja magugu yafike magotini amekwisha kupoteza sehemu ya mavuno yake, hata akija kupalilia mara tatu baadaye.

La pili ni kukagua shamba. Funza wa vitumba hapigi hodi. Anaingia ndani ya kitumba na kula. Mkulima anayepita shambani kila siku chache, akageuza majani na kutazama, humwona mapema. Anayekwenda mara moja kwa mwezi hukuta vitumba vimeanguka chini.

La tatu ni kung'oa na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno. Ukiyaacha, wadudu hupata mahali pa kungojea msimu ujao.

La nne ni kuchambua wakati wa kuchuma. Ninyi wenyewe mnajua kwamba pamba ina madaraja mawili: safi na fifi. Mwenye kuchanganya pamba nyeupe na pamba yenye madoa na majani, asimlaumu mtu mzani unapomwambia yote ni fifi.

Basi juhudi ina kazi yake. Mashamba mawili yaliyo jirani, yenye udongo uleule na mvua ileile, yanaweza kutoa mavuno tofauti kabisa. Hapo hakuna dawa wala uchawi. Kuna mtu aliyepalilia mapema na mtu aliyechelewa.

MAMBO YASIYO MIKONONI MWAKO

Sasa tumsikilize mama yule. Naye hakukosea.

Wataalamu wa kilimo wanashauri pamba ya kanda hii ipandwe kati ya tarehe 15 Novemba na tarehe 15 Desemba. Ushauri huo ni mzuri. Lakini unamsaidia nini mtu ambaye maksai wanamfikia Januari? Anajua tarehe. Ana nguvu. Ana nia. Hana ng'ombe. Hapo tunaona kwamba hata jambo linaloonekana kuwa la juhudi, kama kuwahi kupanda, linaweza kuwa limefungwa na hali.

Yapo mambo makubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1975 sehemu nyingi za Tanzania zilipata ukame. Serikali ililazimika kununua nafaka nyingi kutoka nchi za nje. Je, tuseme wakulima wote walikuwa wavivu miaka ile, kisha wakapata bidii mvua ziliporudi? Hapana. Mikono ilikuwa ileile. Mvua ndiyo iliyokuwa tofauti.

Tena yapo mambo yanayotoka mbali, hata hatuyaoni. Tuchukue mfano wa ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, wakulima wa kahawa wa Kagera.

Iko nchi inaitwa Brazili. Iko ng'ambo ya bahari, Amerika ya Kusini, na ndiyo inayolima kahawa nyingi kuliko nchi zote duniani. Mwezi Julai mwaka 1975 baridi kali sana iliingia huko. Umande uliganda ukawa barafu juu ya mibuni. Katika jimbo la Paraná mibuni mingi sana iliungua na kufa. Kahawa ikawa haba duniani. Kufikia mwaka 1977 bei katika soko la dunia ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu.

Mkulima wa Bukoba au wa Kilimanjaro hakuongeza juhudi mara tatu. Mibuni yake ilikuwa ileile na jembe lake lilelile. Lakini kahawa yake sasa ilitafutwa kwa bei kubwa, kwa sababu ya baridi ya nchi ambayo hajapata kuiona.

Kisha mambo yakageuka. Nchi zinazouza kahawa na nchi zinazonunua zilikuwa na mkataba wa kugawana soko ili bei isianguke. Mwezi Julai mwaka 1989 mpango huo ulivunjika. Katika muda wa miezi michache bei ya dunia ilianguka karibu nusu. Je, wakulima walikuwa wamekuwa wavivu mwezi ule? Hapana, ndugu. Walipalilia kama kawaida.

Kwa hiyo anayesema kwamba kila maskini ni mvivu amesahau mambo mengi. Na tajiri anayesema, "Nimepata kwa jasho langu peke yangu," naye amesahau mvua, bei, ng'ombe alioachiwa na babake, na barabara iliyopita karibu na shamba lake.

LAKINI MIZANI IKO MIKONONI MWA NANI?

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: "Basi, mambo ni mawili. Yapo yangu na yapo ya Mungu. Nitalima, yaliyobaki nitamwachia Yeye." Wengi huishia hapo. Sisi tunasema wasiishie hapo, kwa sababu lipo fungu la tatu, na ndilo linalosahauliwa.

Tuulize: mizani ya mnunuzi iko mikononi mwa nani?

Siyo ya mkulima mmoja. Akigombana na mnunuzi peke yake, ataambiwa achukue pamba yake arudi nayo nyumbani. Lakini mizani si kama mvua pia. Mizani haikushuka kutoka mbinguni. Imewekwa na watu, inasomwa na watu, na inaweza kurekebishwa na watu.

Wazee wa Usukuma walilijua jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, pamba ilinunuliwa na wanunuzi binafsi. Wakulima walilalamika sana kwamba wanapunjwa kwenye mizani. Wengi wao hawakujua kusoma. Mtu alibeba mzigo wake kichwani, akatembea safari ndefu, akaambiwa uzito wake, akapokea fedha, akarudi. Angejuaje kama ameibiwa?

Mtu mmoja mmoja, juhudi yao ilikuwa kubwa. Lakini kulima zaidi hakukuponya ugonjwa ule. Ukilima mara mbili kwa mizani mbovu, unaibiwa mara mbili.

Basi walifanyaje? Walianza kukutana. Walidai wawe na wapimaji wao wenyewe. Kisha wakaanza kuunda vyama vyao vya kununua pamba. Mwaka 1952 kilianzishwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Vyama vya msingi vikaenea vijijini. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa shirikisho moja, Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, karibu pamba yote ya kanda ilikuwa inanunuliwa na vyama vya wakulima wenyewe. Vyama vilimiliki hata viwanda vya kuchambulia pamba.

Tazama vizuri jambo hili. Kabla ya hapo, mizani ilikuwa "hali". Mkulima aliikuta, akaivumilia, akasema ndiyo dunia. Watu walipoungana, ile "hali" ikageuka kuwa kazi ya mikono yao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hatusemi vyama vilikuwa malaika. Baadhi ya viongozi walikula fedha za wanachama. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na pamba ikanunuliwa na mamlaka ya umma. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha. Kuanzia mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa tena. Yote hayo yanatufundisha kwamba kilichopatikana kwa umoja kinaweza kupotea, wanachama wakilala usingizi. Chama ambacho wanachama wake hawasomi daftari la hesabu ni kama zizi lisilo na mlango.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Chukua kalamu. Hii ndiyo faida ya kisomo.

Tuseme mkulima amevuna kilo 600 za pamba. Mizani ni mbovu. Kila kilo 50 za kweli, mizani inasoma kilo 47 tu. Yaani kila kilo 50 anapoteza kilo 3.

600 kugawa kwa 50 ni 12.
12 mara 3 ni 36.

Mkulima amepoteza kilo 36. Tukisema kilo moja ni shilingi 1,000, amepoteza shilingi 36,000. Fikiri siku alizoinama juani kuchuma kilo hizo 36. Hakuna mtu aliyemwona mwizi. Jioni jirani anamwambia, "Mwenzangu, mwaka huu hukujitahidi."

Na si pamba tu. Wauza viazi na vitunguu wanajua lumbesa. Gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu, nalo linahesabiwa kuwa gunia moja. Sheria inakataza lumbesa. Lakini mkulima mmoja akikataa, mnunuzi huenda kwa jirani. Wakikataa kijiji kizima, mnunuzi ataenda wapi? Lori amekwisha kulikodi.

WEWE MWENYEWE NI USHAHIDI

Labda wapo wanaosema maneno haya ni ya walimu tu. Basi tutoe mfano ulio karibu zaidi. Mfano huo ni wewe unayesoma mstari huu.

Mwaka 1967 kati ya watu wazima 100 wa Tanzania Bara, 67 hivi hawakujua kusoma wala kuandika. Ulipofanywa mtihani wa taifa wa kisomo mwaka 1975, waliobaki hawajui walikuwa 39 hivi kati ya 100.

Nini kilitokea katika miaka hiyo 8? Je, watu waliongezewa akili? Hapana. Akili walikuwa nayo siku zote. Hali ilibadilika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Walimu wa kujitolea walipatikana. Vitabu vya kwanza vilichapishwa. Madarasa yalifunguliwa shuleni, misikitini, makanisani na chini ya miembe.

Lakini vilevile hakuna kitabu kilichojisoma chenyewe. Mwanakisomo alitoka shambani na mgongo unauma. Mama alikuja na mtoto mgongoni. Mzee alivumilia kuchekwa na wajukuu kwa kushika kalamu kama mpini wa jembe. Darasa bila mtu wa namna hiyo lingekuwa viti vitupu. Na mtu wa namna hiyo bila darasa angebaki akiweka dole gumba kwenye karatasi asizozijua, kama walivyofanya wazazi wake, ambao hawakuwa wavivu wala wajinga.

Kwa hiyo ukiulizwa, "Ulijua kusoma kwa juhudi yako au kwa sababu darasa lililetwa?" ujibu: kwa yote mawili. Jembe linahitaji mpini. Huwezi kuuliza kipi kati ya hivyo ndicho kinacholima.

TUGAWE MAFUNGU MATATU

Sasa turudi darasani kwetu. Wiki iliyofuata tulichora mistari miwili ubaoni, tukapata mafungu matatu. Tukawaomba wanakisomo waweke kila shida ya kijiji katika fungu lake.

Fungu la kwanza: yaliyo mikononi mwangu. Wakaandika palizi, kukagua wadudu, kuchambua safi na fifi, kutokunywa fedha zote za msimu.

Fungu la pili: yasiyo mikononi mwa mtu yeyote hapa. Wakaandika mvua, na bei ya pamba ya dunia. Haya hatuwezi kuyaamuru. Lakini tunaweza kujiandaa nayo, kwa mfano kutotegemea zao moja, na kupanda mtama au muhogo kwa ajili ya mwaka mbaya.

Fungu la tatu: yaliyo mikononi mwetu sote kwa pamoja. Mwanzo fungu hili lilikuwa tupu. Kisha mtu mmoja akasema, "Mizani." Mwingine akasema, "Barabara ya kwenda kituoni." Mwingine, "Dawa inayochelewa kufika." Mwisho yule mama wa karibu na mlango akasema, "Maksai."

Watu walishtuka kidogo. Maksai ni mali ya mtu, si ya kijiji. Lakini yule mzee mwenyewe ndiye aliyekumbuka. Alisema: "Zamani tulikuwa na vijana wa kulima kwa zamu. Tulikuwa na nsumba ntale wetu. Tulilima kwa huyu leo, kesho kwa yule. Hata mjane alilimiwa."

Tuliuliza, "Na sasa, baba?"

Akafikiri. Kisha akasema, "Sasa kila mtu na lake."

Hakuna aliyemcheka. Kabla ya kutawanyika walipatana jambo moja dogo: wenye maksai watano watatoa siku moja moja katika mwezi wa Novemba kwa nyumba zisizo na ng'ombe, na nyumba hizo zitalipa kwa palizi. Mambo ya namna hii huharibika mara nyingi, nasi hatukuahidi kwamba hayataharibika. Lakini tuliona jambo lililoitwa bahati mbaya ya mjane likihamishwa ubaoni kutoka fungu moja kwenda jingine. Hiyo si kazi ndogo.

MSIMU UJAO, FANYA HIVI

1. Kabla ya kupima, tazama kama mizani tupu inasoma sifuri. Kama haisomi sifuri, sema kwa sauti, wenzako wasikie.

2. Mkiwa na wasiwasi, pimeni kitu ambacho uzito wake unajulikana. Mfuko wa saruji usiofunguliwa wa kilo 50 unafaa.

3. Simama mahali unapoweza kuona namba. Isome mwenyewe. Iandike katika daftari lako kabla ya kupewa risiti.

4. Linganisha risiti na daftari. Usiweke sahihi karatasi usiyoielewa.

5. Mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Ulizeni kama mizani ya kituo chenu imekaguliwa mwaka huu. Ulizeni mkiwa wengi.

6. Nenda kwenye mkutano wa chama chako cha msingi. Omba hesabu zisomwe. Ukiona hesabu haieleweki, inua mkono.

Ndugu msomaji, lima kwa bidii, kwa sababu bidii ni yako. Usimcheke aliyekosa kabla hujajua alikosa nini. Na usiseme "ni bahati" mpaka umeuliza kwanza: jambo hili, tukiwa kumi, tusingeliweza?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni nani anayeitwa mvivu? Je, ana nini, na amekosa nini?
2. Tajeni shida tatu za msimu uliopita. Kila moja iko katika fungu lipi?
3. Mkulima ana kilo 400. Mizani inapoteza kilo 2 katika kila kilo 50. Amepoteza kilo ngapi?
4. Ni jambo gani moja ambalo kikundi chenu kinaweza kulianza kabla ya mvua za kwanza?